Mahindi Yanatoka Jasho: Kuuelewa na Kuupima Unyevu wa Hewa

Chumvi ya chumbani kwetu hosteli, hapa Dar es Salaam, haijakauka tangu masika yaanze. Tunaiweka kwenye kikombe cha plastiki, tunafunika na kisahani, na bado kila tukitaka kukaanga mayai (uongozi wa hosteli usisome sentensi hii) tunakuta maji chini ya kikombe. Rumeti wangu anaamini mwenye duka la pale getini anatuchakachulia. Hata mimi niliamini hivyo mpaka mwaka jana, nilipoenda kufanya mafunzo ya ualimu kwa vitendo mkoani Dodoma nikiwa na pakiti ya chumvi niliyoinunua duka hilo hilo. Baada ya siku mbili ilikuwa inamwagika kama mchanga. Wiki tatu baadaye, chumvi hiyo hiyo ndiyo iliyonionyesha kwamba ugali niliokuwa nakula kila siku huenda ulikuwa na shida.

Habari ya ugali itafika. Kwanza niseme ukweli: nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Jiografia na Fizikia, kwa hiyo unyevu wa hewa nimekutana nao kila mwaka tangu kidato cha kwanza. Nilikariri maana yake kwa Kiingereza, mtihani ukaja, nikaitapika, nikapata alama zangu. Kama ungeniuliza wakati ule kwa nini nguo zinakauka saa mbili Dodoma na siku mbili hapa chuoni, ningekujibu "kwa sababu ya jua". Jua lipo pote.

Tuanze na kitu chenyewe. Katika hewa unayovuta sasa hivi kuna maji, lakini yako katika hali ya gesi, na gesi hiyo haionekani. Kile cheupe kinachopanda juu ya sufuria ya chai si mvuke, ni matone madogo sana, yaani mvuke ambao tayari umepoa na kurudi kuwa maji. Mvuke wenyewe uko pale karibu kabisa na maji yanayochemka, mahali ambapo unaona kama hakuna kitu.

Sasa, kila nyuzi ya joto ina kikomo chake cha mvuke. Kwenye nyuzi 10 za sentigredi, mita moja ya ujazo ya hewa hufika kikomo ikiwa na gramu 9.4 hivi za maji. Kwenye nyuzi 20 kikomo ni gramu 17.3. Kwenye nyuzi 30 ni gramu 30.4. Ona inavyokwenda: kila joto likipanda nyuzi 10, kikomo kinakaribia kuwa mara mbili. Vitabu vingi vinasema hewa "inabeba" maji kama sponji, na sponji ya moto ni kubwa kuliko ya baridi. Mfano huo unasaidia kukumbuka, lakini mimi siupendi, kwa sababu hewa haibebi chochote. Kinachotokea ni kwamba chembe za maji zinaruka kutoka kwenye maji na nyingine zinarudi. Joto likizidi, zinazoruka zinaongezeka. Kikomo ni pale wanaotoka na wanaorudi wanapokuwa sawa, kama daladala ya kituo cha mwisho ambayo kila akishuka mmoja anapanda mmoja.

Asilimia tunayoisikia kwenye utabiri wa hali ya hewa ni mvuke uliopo ukilinganishwa na kikomo cha joto la wakati huo. Na hapo ndipo asilimia inapotudanganya, maana kikomo chenyewe hakitulii.

Mimi kwetu ni Njombe. Asubuhi ya mwezi wa saba pale nyumbani joto linaweza kuwa nyuzi 10 na ukungu umejaa bonde zima, kwa hiyo unyevu ni asilimia 100. Mchana wa Aprili hapa Dar es Salaam, joto nyuzi 31, unyevu unaweza kusoma asilimia 66. Ukiangalia asilimia peke yake utasema Njombe ndiko kwenye maji mengi hewani. Piga hesabu. Njombe: gramu 9.4 kwa kila mita ya ujazo, zimefika kikomo. Dar es Salaam: asilimia 66 ya gramu 32, sawa na gramu 21. Hewa ya Dar ina maji zaidi ya mara mbili ya ile ya kwenye ukungu wa Njombe! Chumba chetu cha hosteli kina ujazo wa mita kama 30. Ukiyakusanya maji yote yaliyo kwenye hewa yake siku kama hiyo, unapata zaidi ya nusu lita. Tunalala nayo, tunaamka nayo, na vyeti vyetu viko humo humo.

Asilimia hiyo ya Dar nayo inageuka ndani ya siku moja bila hewa kubadilika. Saa nane mchana, nyuzi 31, asilimia 66. Jua likizama, joto likishuka hadi nyuzi 27, hewa ile ile yenye mvuke ule ule inasoma asilimia 84. Hakuna maji yaliyoongezwa, ila kikomo kimeteremka. Ndiyo maana namba ninayoiamini mimi ni nyingine, inayoitwa kiwango cha umande.

Kiwango cha umande ni nyuzi ya joto. Ni joto ambalo hewa uliyonayo ikipozwa hadi hapo itafika kikomo, na ikipozwa chini ya hapo mvuke utaanza kugeuka maji juu ya chochote kilicho karibu: jani, kioo, chupa ya soda. Katika mfano wangu wa Dar, mchana na jioni kiwango cha umande ni kile kile, nyuzi 24. Kwa hiyo kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 24 kitalowa. Soda ya kwenye friji inatoka jasho mpaka inalowesha meza. Hata miwani yangu, nikitoka kwenye maktaba yenye kiyoyozi, inapata ukungu pale mlangoni nikawa kama nimefumbwa macho.

Kwa wale mnaopenda njia ya mkato: toa asilimia ya unyevu kwenye 100, gawanya kwa 5, kisha punguza jibu kwenye joto. Nyuzi 27 na asilimia 84: 16 kugawa kwa 5 ni 3.2, kiwango cha umande ni 23.8. Inatosha kabisa kwa maisha ya kawaida. Ila unyevu ukiwa chini ya asilimia 50 njia hii inaanza kupotoka, na Dodoma ya mwezi wa saba mchana iko huko chini.

Tufike Dodoma basi.

Shule niliyopangiwa ilikuwa na kibanda cha hali ya hewa, kile cheupe chenye kuta za mbao zilizopangwa kama madirisha ya shata. Nilifurahi sana, maana shule nyingi kibanda kinachorwa ubaoni tu. Ndani kulikuwa na vipimajoto viwili. Kimoja kikavu, cha kawaida. Cha pili kimefungwa utambi wa kitambaa uliotakiwa kuzama kwenye kikopo cha maji. Wanafunzi wa zamu walikuwa wanasoma kila asubuhi na kuandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri ajabu. Nikafungua daftari. Kipimajoto kikavu 19, cha utambi 19, unyevu asilimia 100. Siku iliyofuata 20 na 20, asilimia 100. Ukurasa mzima asilimia 100, mwezi wa saba, Dodoma, ambako midomo yangu ilikuwa imepasuka hadi ninashindwa kucheka.

Kikopo kilikuwa kikavu. Kitambaa chenyewe kilikuwa kigumu kama soli ya kiatu.

Ili uone kosa, ni lazima ujue kifaa kinavyofanya kazi, na ni kazi ya mtungi. Maji yanayogeuka mvuke yanachukua joto kutoka kwa kilicho karibu nayo. Mtungi unavuja kidogo kidogo kwenye vinyweleo vyake, maji hayo yanakauka kwa nje, na yanapokauka yanapoza yaliyobaki ndani. Utambi unafanya vivyo hivyo kwa kipimajoto. Hewa ikiwa kavu, maji yanakauka haraka na kipimajoto kinashuka sana. Hewa ikiwa na mvuke mwingi, maji hayaendi popote na vipimajoto viwili vinakaribiana. Vikilingana kabisa, hewa imefika kikomo. Au kitambaa kimekauka. Kifaa hakiwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Siwacheki wale wanafunzi. Wao walifanya walichofundishwa: soma, toa, angalia jedwali, andika. Ni mimi huyu huyu wa kukariri, ila wao wana umri wa miaka kumi na minne.

Tukatengeneza. Utambi mpya tuliukata kwenye fulana nyeupe ya pamba, tukaufua kwa maji moto kuondoa sabuni. Maji yakatusumbua zaidi, kwa sababu maji ya kisima pale yana chumvichumvi, na ndiyo iliyougandisha utambi wa kwanza. Maji ya mvua hakuna, mvua ya mwisho ilikuwa imeshasahaulika. Mwanafunzi mmoja akapendekeza tukinge matone ya kwenye mfuniko wa sufuria inayochemka. Wazo bora kuliko langu, maana mimi nilikuwa nafikiria kununua maji ya betri. Tukapata nusu kikombe cha maji safi, na bila kupanga tukawa tumefundishana somo la kesho yake.

Saa nane mchana tukasoma: kikavu 26, chenye utambi 18. Darasa likapiga kelele. Hesabu yake hii hapa, kwa mwenye kikokotozi. Kikomo cha nguvu ya mvuke kwenye nyuzi 18 ni hektopaskali 20.6. Unapunguza zao la 0.0008, shinikizo la hewa la mahali hapo, na tofauti ya vipimajoto viwili. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo shinikizo ni kama 890. Hivyo 0.0008 mara 890 mara 8 ni 5.7. Inabaki 14.9. Kikomo kwenye nyuzi 26 ni 33.6. Gawanya: asilimia 44. Na nyuzi ambayo kikomo chake ni 14.9 ni 13. Hicho ndicho kiwango cha umande. Majedwali mengi ya kwenye vitabu yametengenezwa kwa usawa wa bahari na yangekupa asilimia 42, tofauti ndogo, lakini ni vizuri kujua inatoka wapi.

Namba hizo zilinieleza pia kwa nini mtungi wa mama mwenye nyumba wangu ulikuwa mtamu vile. Hewa nyuzi 26, maji yanaweza kushuka kuelekea 18. Hapa Dar, hewa ikiwa 31 na kiwango cha umande 24, mtungi hata ujitahidi vipi hauwezi kuvuka chini ya 26. Mwili wako nao ni mtungi. Jasho linakupoza pale tu linapokauka. Ndiyo maana mechi ya saa kumi uwanja wetu wa chuo inachosha kuliko ya Dodoma yenye jua kali zaidi.

Kama huna kibanda, kuna njia nyingine ambayo naipenda zaidi kwa sababu haina jedwali. Chukua kikombe cha stili kinachong'aa, tia maji ya kawaida, weka kipimajoto, kisha ongeza barafu kidogo kidogo huku ukikoroga. Sisi tulitumia zile barafu za vifuko zinazouzwa dukani, ladha ya nanasi, hakuna aliyelalamika. Angalia ukuta wa nje. Ukungu wa kwanza ukitokea, soma joto. Acha kikombe kipate joto tena, ukungu ukitoweka soma tena, chukua wastani. Usiegemee kikombe, pumzi yako ina mvuke kuliko hewa yote iliyokizunguka. John Frederic Daniell, Mwingereza, mwaka 1820 alitengeneza kifaa cha kisayansi kwa wazo hilo hilo. Horace Bénédict de Saussure wa Geneva, mwaka 1783, yeye alikuwa ameshatumia unywele wa binadamu, ambao hurefuka hewa inapokuwa na unyevu na kufupika inapokauka. Akina dada mliowahi kunyoosha nywele asubuhi ya masika mnamuelewa kabisa Saussure.

Na simu? Simu nyingi hazina kipimo cha unyevu ndani yake. Ile asilimia unayoiona imetoka kwenye mtandao, inahusu eneo pana, haijui kwamba mmefunga madirisha na kuanika taulo nne kitandani.

Kipindi changu cha kwanza cha kidato cha pili niliwafundisha kwamba umande unashuka usiku. Ndivyo tunavyosema, ndivyo nilivyosikia Njombe nikiwa mtoto, suruali imelowa mpaka magotini njiani kwenda shule. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, ukigeuza ndoo juu chini ukaiacha uwanjani usiku, asubuhi kwa ndani kuna matone. Umande umeingiaje?"

Nilisema tutalijibu kipindi kijacho. Wasomaji wa ualimu mnaijua sentensi hiyo na mnajua inamaanisha nini.

Jibu lilitafutwa miaka mingi na daktari mmoja, William Charles Wells, mzaliwa wa Charleston kule Marekani aliyeishi London. Afya yake haikuwa nzuri, lakini alikuwa akitoka usiku na kutandaza vifungu vya sufu vilivyopimwa uzito sawa sehemu mbalimbali, kisha asubuhi anavipima tena kuona kipi kimenywa umande kiasi gani. Alichapisha matokeo mwaka 1814. Aliona kwamba sufu iliyo wazi kuelekea anga inalowa zaidi ya iliyofunikwa kwa juu, kwamba usiku wa mawingu au wa upepo umande ni haba, na kwamba chuma kilichong'arishwa hubaki kikavu wakati majani pembeni yake yamelowa. Na jambo kuu: majani yanapoa kwanza, umande unafuata. Usiku wa anga safi vitu vya ardhini vinatoa joto lao kwenda juu na hakuna kinachowarudishia. Mawingu ni blanketi. Jani likipoa chini ya kiwango cha umande, mvuke wa hewa inayoligusa unageuka maji pale pale. Hakuna kilichoshuka. Mvuke mwingine unatoka ardhini kwenyewe na kwenye mimea, ndio ulioingia ndani ya ndoo ya yule msichana. (Yale matone makubwa unayoyaona kwenye ncha za majani ya mahindi machanga alfajiri mara nyingi si umande hata kidogo, mmea wenyewe umeyasukuma kutoka mizizini.)

Nilirudi darasani nikasema nilikosea. Nilitegemea wangecheka. Wakauliza maswali kwa Kiswahili dakika arobaini, wakati kipindi cha mwanzo kwa Kiingereza walikuwa kama wamemeza gundi. Mjadala wa lugha ya kufundishia sitaufungua hapa, lakini nimeuona kwa macho.

Sasa ugali. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane anayelima mahindi na alizeti. Tulikula pamoja, yeye ananiita mwalimu, mimi namwita mama. Mahindi yake alikuwa ameshayapukuchua, mchana anayaanika uani, jioni kabla jua halijazama anayarundika na kuyafunika kwa turubai la nailoni ili mbuzi wasiyaguse na umande usiyapate. Asubuhi moja akanifuata nikiwa napiga mswaki.

"Mwalimu, wewe si unafundisha mambo ya hewa. Mvua haijanyesha tangu mwezi wa nne. Mbona mahindi yangu yanatoka jasho?"

Nikafunua turubai. Kwa ndani lilikuwa na matone kama bati la bafuni, na mahindi ya juu yalikuwa yamelowa. Juu ya turubai palikuwa na umande kidogo tu. Kilichonishangaza ni kwamba kwa hewa ya nje, yenye kiwango cha umande cha nyuzi 13, matone mengi vile hayakuwezekana.

Ila hewa ya ndani ya rundo si ya nje. Punje ya mahindi inabadilishana maji na hewa inayoizunguka. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 16 hivi yanafanya hewa iliyo katikati ya punje kuwa na unyevu wa karibu asilimia 80. Yakifunikwa yakiwa bado na moto wa jua, tuseme nyuzi 35, tumia ile njia yetu ya mkato: 20 kugawa kwa 5 ni 4, kiwango cha umande ndani ya rundo ni nyuzi 31. Usiku turubai linapoa hadi 14 au chini ya hapo. Mvuke ukiligusa unageuka maji na kudondoka juu ya mahindi. Mama alikuwa anayakinga mahindi na umande wa nje huku akiyatengenezea umande mwingine mbaya zaidi kwa ndani. Kila usiku, wiki tatu.

Hapa ndipo nilipoacha kufurahia fizikia. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 walifariki. Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125. Sumukuvu inatengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, na mapishi ya kawaida hayaiondoi. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu wa asilimia 13.5 au pungufu. Na debe la kwanza la mahindi yale lilikuwa limeshasagwa. Tulikuwa tunalila.

Kipimo cha mahindi hatukuwa nacho. Tukakumbuka chumvi. Njia hii mabwana shamba wanaijua: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, acha dakika 10 hadi 15, angalia. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15. Isipoganda, yako chini ya hapo. Nilikuwa nimeisikia lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini 15 na si 12 au 20. Sababu ni nzuri sana. Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji ya hewa na kulowa unyevu ukipita asilimia 75. Na mahindi ya asilimia 15 ndiyo yanayofanya hewa ya ndani ya chupa ifike karibu 75. Chumvi haijui chochote kuhusu mahindi, inapima hewa tu. Ndiyo sababu pia chumvi yangu ilikuwa mchanga Dodoma na maji hosteli. Mwenye duka la getini hana kosa.

Tulichukua mahindi ya chini ya rundo: chumvi haikuganda. Ya juu: iliganda mpaka chupa ikawa nyeupe. Mama aliishika ile chupa muda mrefu akiigeuzageuza. Kisha akasema, "Na yale ya kwenye magunia?" Magunia manne yalikuwa ndani tayari, yamekaa sakafuni na kuegemea ukuta. Mawili chumvi iliganda. Moja lilikuwa na harufu, na kwa chini tulikuta ukungu wa kijani.

Kubishana kulikuwepo. Yeye alitaka yaoshwe na kuanikwa upya, akaongeza kwamba hata kuku wanaweza kula. Nikamwambia kukausha kunazuia kuvu wasiendelee, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa inabaki, na kuku nao wanadhurika. Aliniangalia kama mtu anayetumia mahindi ya mwenzake kufanyia mazoezi ya masomo. Alikuwa na haki. Gunia moja ni chakula cha mtu, na mimi mwezi wa tisa ningepanda basi kurudi chuoni. Afisa ugani alikuja siku ya tatu na kipimo chake, kikasoma 16 na kitu kwa yale ya juu. Yeye ndiye aliyemshawishi. Lile lenye ukungu lilifukiwa, na unga uliobaki ukafuata. Mengine yakatandazwa upya, tabaka jembamba, yakigeuzwa mara kwa mara, na jioni yakaachwa yapoe kwanza kabla ya kuingizwa ndani, juu ya mbao badala ya sakafu. Hewa ya mchana ya asilimia 44 inakausha mahindi kirahisi ikiachiwa nafasi. Baada ya siku chache chupa ilibaki safi.

Hakuna aliyeugua kati yetu, na sijui kama tulikuwa karibu na hatari au mbali nayo. Kwa macho haionekani.

Wiki iliyopita rumeti wangu aliletewa mahindi kutoka Kyela, kiroba kizima, akakisukuma chini ya kitanda. Kipimo changu kidogo cha ukutani kilikuwa kinasoma nyuzi 27, asilimia 84. (Kipimo cha bei rahisi kikague kwanza: kifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na kizibo cha chumvi iliyoloweshwa kidogo, isiyeyuke yote, kesho yake kinatakiwa kisome 75. Changu kilisoma 71, kwa hiyo huwa naongeza 4.) Nilimwambia tuyajaribu mahindi kwa chumvi, akacheka, akaninyooshea kikombe chetu chenye maji chini. Ilibidi niikaange chumvi kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka ikaacha kushikamana, tukaitia kwenye chupa ikiwa imeshapoa, tukakaa kitandani kusubiri dakika kumi na tano.

Iliganda kidogo, upande mmoja. Kiroba sasa kiko kwa shangazi yake Kimara, juu ya paa la saruji, kinaanikwa.